Mkeka wa Binti Suwedi

Zama hizo majabali yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wakali, palikuwa na mji uitwao Manihari na mtawala wake Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mtu mwema lakini mpenda vito kupita kiasi, na katika mtaa wa masonara wa mji huo aliishi Mahfudha, aliyerithi kwa marehemu baba yake Mzee Suwedi karakana, nyundo na mkono usiotetemeka.

Masonara wa Manihari walikuwa na ada yao. Sonara hukalia mkeka apigapo tupa, na vumbi la dhahabu huanguka na kujificha ndani ya ukili, na mwaka ukiisha mkeka huchomwa, jivu likaoshwa, na dhahabu iliyopotea ikarudi kwa mwenyewe. Mtaa mzima huchoma siku moja. Mahfudha peke yake hakuchoma, mwaka wa saba huo, na majirani walimcheka waziwazi, wakisema binti Suwedi anakalia utajiri kwa ajili ya mashimo mawili.

Hawakusema uongo, mashimo yalikuwapo. Yalichimbwa na magoti ya Khelefu, fundi wa baba yake na mchumba wake, aliyekaa hapo miaka mitatu akivuta nyuzi za dhahabu na Mahfudha akiziunga. Sultani alimtuma Khelefu kwenye Jabali Kashkashi kuleta dhahabu ya taji, na Khelefu, kwa haraka ya kurudi aoe, akapiga sururu bila kubisha hodi kwa mwenye jabali. Hakuonekana tena. Na kila asubuhi Mahfudha alifagia mkeka ule kwa ncha ya ushungi, akiyazunguka mashimo asiyaguse, na alimtamani Khelefu mpaka akakinai chakula.

Sultani akamwita barazani, akasema, "Ewe binti Suwedi, sisi ndio tuliomtuma, na macho yetu yanaona haya kukutazama. Chagua katika maakida wetu umtakaye, tukuozeshe kwa ngoma siku saba."

"Mola akuweke, Maulana," akajibu Mahfudha. "Akida hajui kuvuta uzi."

Sultani akacheka, kisha akampa ruhusa aende zake, maana alimwona yeye hacheki.

Ikawa alasiri ya siku ya kuchoma mikeka, moshi umetanda mtaani, tanuri la Mahfudha likavuma lenyewe bila mivukuto na ndani yake mkatoka jini wa moshi mtupu, kichwa kikigusa boriti.

"Hodi," akasema jini kwa kejeli. "Mwenzio hakulijua neno hili."

"Karibu," akajibu Mahfudha. "Yu hai?"

"Yu hai. Nimemfunga anifulie pete, maana jini asiye na pete hana heshima mbele ya wenzake. Amefua mia tatu kwa dhahabu ya jabali langu, na zote zimenipita kidoleni zikaanguka. Nikamwuliza, yupo akushindaye? Akakutaja wewe. Nifulie pete isimame, nikurudishie mtu wako. Ukishindwa hadi jua lizame, nalifunga jabali na yeye ndani, milele."

Alimtaja! Neno hilo lilimpa Mahfudha nguvu, akaipokea dhahabu ya jini na kuifua, na pete ya kwanza ikaanguka, na ya pili, na ya tatu, na jua likashuka hadi kwenye paa la jirani. Jini akasogea achungulie, akaukanyaga mkeka, na unyayo wake, usioacha alama popote, ukawa unyayo kweli, una vidole na kucha. Akaruka nyuma.

"Mna nini humu?" akauliza.

Hapo Mahfudha akafahamu. Dhahabu ya jabali haijapata kuguswa na moyo wa mtu, lakini ndani ya ukili ule mlikuwa na miaka mitatu ya watu wawili na miaka saba ya mmoja. Akafahamu na kazi iliyombakia, akalia kwa sauti, kwani pete hii nayo ikianguka hatakuwa na Khelefu wala mahali pa magoti yake. Akalala kifudifudi juu ya mashimo yale, akaunusa mkeka mara ya mwisho, akaukunja na kuutia motoni kwa mkono wake mwenyewe.

Akaosha jivu, akayeyusha, akafua. Jini akaingiza kidole na pete ikasimama, na moshi ukageuka nyama kutoka kidoleni hadi kifuani, naye akajishika moyo.

"Nini hiki kinanibana? Namtaka mama yangu!"

"Hamu hiyo, bwana. Mimi ninayo mwaka wa saba."

"Nivue, nakusihi!"

"Kwanza mtu wangu."

Na sheria ya majini ni kwamba avaaye pete humtii aliyeifua. Kabla mwadhini hajamaliza adhana ya magharibi, mtu mwenye mvi na mikono ya makovu alisimama nje ya karakana, na hakuingia.

"Hodi," akasema Khelefu.

Mahfudha akatoka mbio, akamshika mkono na kumwingiza ndani.

Jini akavuliwa pete, akaenda zake kwa mama yake, na zile pete mia tatu akawaachia. Sultani akaandaa harusi kwa gharama yake, na siku ya nikaha Khelefu akatoa mahari, bangili aliyoifua kwa pete ile ya jini. Kadhi alikuwa mtu wa kuchungua mambo, akasema, "Nasikia hili ni vumbi la mkeka wenu wote wawili. Mahari hutoka katika mali ya mume. Tenga sehemu yako, mwanangu."

Khelefu akaigeuzageuza bangili. "Shekhe," akasema, "haitengeki."

Na sauti ya bibi arusi ikatoka nyuma ya pazia, "Nimeipokea yote."

Wakaishi kwa neema, na mwaka ulipokwisha waliuchoma mkeka wao siku moja na mtaa mzima. Basi wewe uliyenisikiliza, uingiapo kwa watu bisha hodi, na ukimwona mtu anafagia akizunguka shimo, usimcheke.