Filimbi Zenye Kiu

— Hadithi, hadithi!
— Njoo, mkeka tumeshautandika!
— Niingie na viatu?
— Vua! Nani atufulie mkeka?

Haya, nimevua. Wa nyuma mnanisikia? Na yule anayetafuna muwa, atafune kwa adabu.

Hapo kale palikuwa na Sange. Sange mnamjua: mwili wa panya, miguu ya njiti, pua ndefu utadhani kaiazima kwa mtu akasahau kuirudisha. Sange huyu alikuwa na filimbi ya mwanzi, fupi kama kidole, yenye sauti moja tu: ti!

Wenzake walikuwa watatu. Filimbi ya Tembo ililia buuu. Ya Nyati ililia boo. Ya Mama Kanga, to. Kila mmoja ana sauti moja, hana ya pili, na kila mmoja anangoja zamu yake. Buuu, boo, to, ti! Buuu, boo, to, ti! Hapo wimbo umetimia na kijiji kizima kinacheza.

Wengine walipiga kwa raha. Sange alipiga kwa raha na kwa uhai wake. Ukicheza ngoma na Tembo kulia, Nyati kushoto, nawe ukubwa wako ni wa kiazi, ile ti! ndiyo inayowaambia: jamani, nipo hapa, angalieni mnapokanyaga. Siku Sange akinyamaza, siku hiyo Sange ni chapati. Na kutocheza hawezi, kwa kuwa asiyecheza ngoma ya mavuno hapati mavuno.

Sasa filimbi zile zilikuwa na desturi yake. Mwanzi ukikauka hupasuka, kwa hiyo kabla ya ngoma kila filimbi ilinyweshwa togwa. Mama Kanga alipika togwa ya ulezi, mtungi mzima, kila mmoja akapata fungu sawa. Filimbi hujazwa kwanza mpaka pomoni. Kinachobaki ni cha mpigaji. Na filimbi ya Sange ilijaa kwa matone mawili. Mahesabu mengine fanyeni wenyewe.

Kiboko alikuwa akiyatazama hayo kutoka bwawani. "Hee! Kumbe wenye filimbi ndio wenye mtungi!"

Bwawa lilikuwa lake, na kiangazi kile lilibaki hilo hilo moja. Asubuhi ya ngoma akatoka majini, puu! puu! puu!

"Leteni filimbi zote," akasema. "Asiyeleta, maji hanywi."

Tembo akalitazama bwawa, akaleta. Nyati akalitazama bwawa, akaleta. Mama Kanga akalitazama bwawa, akaleta, ila yeye aliguna.

Sange akaikumbatia yake. "Mzee Kiboko, hii ndogo mno, itakupotelea kwenye meno."

"Ndogo ndiyo tamu. Lete!"

Sange akaleta. Akaitazama miguu ya Tembo. Akaitazama miguu ya Nyati. Akaiona chapati. Ndipo pua ikamcheza.

"Mzee, zina vumbi hizi. Niruhusu nizisafishe kabla hujazinywesha."

"Safisha upesi."

Sange akazibeba hadi nyumbani kwake, shimoni. Filimbi hizo chini huzibwa kwa nta. Sange akaikwangua nta yote, kwaru, kwaru, kwaru. Akazisimamisha zote nne wima kwenye udongo wa mlangoni, vichwa juu, matundu ya chini yakielekea ndani ya shimo. Humo ndani akamwambia mkewe apange vyombo vyote vya nyumba: vibuyu, vyungu, hata beseni la kuogeshea watoto.

"Mume wangu, usiniletee matatizo."

"Mke wangu, nakuletea togwa."

"Haya, leta."

Kiboko akafika na mtungi wa Mama Kanga, kijiji kizima nyuma yake.

"Desturi unaijua, mzee?" akauliza Sange. "Zijae kwanza. Ukionja kabla hazijajaa, filimbi si zako, na mashahidi hawa hapa."

"Vijiti hivi? Vitajaa sasa hivi!"

Akamimina. Gudu, gudu, gudu!

"Zimejaa?"

Sange akachungulia. "Bado, mzee."

Akamimina. Gudu, gudu, gudu!

"Zimejaa?"

"Bado, mzee."

Mate yakamtiririka Kiboko hadi kifuani. Akamimina tena. Mara chini ikasikika sauti nyembamba: "Ngoja kwanza, nimelowa!"

Kiboko akaruka. "Nani huyo?"

"Filimbi hizo, mzee. Zimepaliwa."

Kiboko akamimina mpaka mtungi ukalia utupu. Hakuonja hata tone. "Togwa imekwisha! Sasa zinataka nini tena?"

Sange akachungulia tena. Kusema kweli, hila yake ilikuwa imeishia kwenye mtungi. Lakini kule chini mkewe alikuwa ananata togwa kuanzia kichwani hadi mkiani, na shida yake ilikuwa kuoga tu.

"Maji!" akapiga kelele. "Tena maji mengi!"

Kiboko akageuka, akalitazama bwawa lake.

"La! La, la, la! Tembo, chukua yako! Nyati, chukua yako! Mama Kanga, chukua! Na wewe mwenye pua, ondoa hicho kidogo, hicho ndicho kinachokunywa kuliko vyote! Maji kunyweni ninyi mnavyotaka, ila filimbi zisinisogelee bwawani!"

Akatimua mbio, puu, puu, puu, chubwi!

Sange akazirudishia nta. Togwa ikatolewa shimoni, wakanywa wote, na hakuna aliyeuliza beseni lile ni la nini. Jioni ngoma ikalia. Buuu, boo, to, ti! Mguu wa Tembo ukashuka kulia, mguu wa Nyati ukashuka kushoto, na katikati Sange anacheza, mzima, kitumbo mbele.

Ndiyo sababu hadi leo Kiboko hukaa majini, macho nje, pua nje. Anapima kina.

Funzo lake, wanangu, ni hili: hila ni mbaya, hazimfikishi mtu popote. Sange mwenyewe aliyasema hayo, tena kwa uchungu, povu la togwa limemganda kwenye pua. Mkewe akaitikia, "Kabisa," akamjazia kibuyu cha pili.

— Hadithi imevaa viatu vyake, imetoka!
— Iende salama! Na mkeka je?
— Mkeka ni wenu, kunjeni wenyewe!