Kifua cha Firigogo

Paukwa!

“Pakawa!”

Nani huyo anaitikia kama hajala tangu jana? Tena! Paukwa!

“Pakawa!”

Haya, sasa mmeamka. Na nyinyi watu wazima huko nyuma acheni minong'ono, hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana, palikuwa na Punda na Nguchiro. Punda mkubwa, mgongo mpana. Nguchiro mdogo, mdomo haufungiki. Wote wa kike, mashoga wanaopendana sana. Siku moja Punda akapata habari kwamba binti yake amejifungua, ng'ambo ya jangwa. Jangwa lenyewe mwendo wa siku tatu. Kisima kimoja tu, nacho kiko mwisho kabisa.

Punda akaanza kufungasha. Kumwona mzazi huendi mikono mitupu, mnajua wenyewe. Akafunga unga. Akafunga kuni. Akafunga mkeka. Akafunga na kinu, kinu kizima cha mti, na mchi wake!

Nguchiro akauliza, “Shoga, na maji?”

“Kibuyu kimoja.”

“Kimoja? Si tuko wawili?”

“Vingine havina pa kukaa. Mimi nikinywa leo, nakaa mpaka kesho kutwa.”

“Wewe ndiyo. Na mimi je?”

“Wewe mdogo bwana, utakunywa kidogo.”

Mmesikia maneno hayo? Anapima kiu ya mwenzake kwa tumbo lake yeye! Ningekuwepo ningemvuta masikio yale.

Wakaenda. Pu, pu, pu, kwato za Punda. Ti-ti-ti, vijiguu vya Nguchiro. Jua likapanda. Jua gani! Mbele mchanga, nyuma mchanga, kulia mchanga, kushoto mchanga. Hakuna mti. Hakuna hata nzi. Upepo ukivuma, ni kama umefunua sufuria jikoni. Punda akasimama, akatazama, akasema, “Jamani! Kumbe dunia ni kubwa hivi?” Nguchiro hakujibu. Nguchiro, akose la kusema! Basi jueni jangwa lile lilikuwa jangwa.

Njia nzima kinu kinagonga kibuyu. Ko! Ko! Ko! Siku ya pili, jua liko utosini, ko! ko! pasu! Kibuyu kikapasuka. Maji yakamwagika. Mchanga ukayanywa, fyuu, yakaisha. Nguchiro akakimbia akaramba, akapata mchanga mdomo tele.

Wakatembea tena. Ti-ti-ti. Ti... ti. Ti. Nguchiro akaanguka.

“Inuka, shoga.”

Ulimi nje, umekauka.

“Inuka basi! Nitembee na nani mimi?”

Hapo Punda akalia. Akajitikisa, kinu chini! Kuni chini! Unga, mkeka, vyote chini! Akamnyanyua Nguchiro kwa meno, polepole, kama paka anavyobeba mtoto, akaenda naye. Pu. Pu. Pu.

Mara akaona vifaranga vitatu mchangani, wazi, hapana hata kichaka. Akajiuliza, hivi vinaishi vipi hapa? Hajamaliza kujiuliza, akasikia mbawa. Prrrr! Ndege akatua, rangi yake ya mchanga. Ni Firigogo, baba yao. Akasimama wima, akatanua manyoya ya kifua. Vifaranga vikakimbilia kifuani, vikaanza kunyonya.

Punda akamweka Nguchiro chini. “Baba, unawanyonyesha nini?”

“Maji.”

“Maji! Kutoka wapi?”

“Kisimani. Nazamisha kifua, manyoya yanakunywa, narudi.”

“Kisima si mwendo wa siku nzima?”

“Kwa miguu, mama. Mimi naruka kila siku.”

Punda akakitazama kile kifua. Maji yamepita juu ya jangwa lote lile, kifuani mwa ndege anayeweza kulala ndani ya sikio lake! Akasema kwa sauti ndogo, “Baba, shoga yangu anakufa. Ni kosa langu.”

Firigogo akamtazama Nguchiro. Akaviambia vifaranga, “Sogeeni, mna mgeni.” Akamwinamia. Tone. Tone. Tone. Ulimi ukacheza.

“Haitoshi,” Firigogo akasema. “Naenda tena. Lakini wanangu hawajashiba maji, jua litawaua kabla sijarudi, wao na yeye.”

“Nenda,” Punda akasema. Akasimama juu yao, miguu minne, akawafunika wote kwa kivuli chake. Jua likamchoma mgongo. Hakusogea. Firigogo akaenda, prrrr, akarudi. Akaenda, prrrr, akarudi. Mara ya tatu Nguchiro akafumbua macho, akasema, “Shoga, unanuka jasho.”

Wee! Punda alicheka huku analia.

Jua lilipopoa, Firigogo akawaonyesha njia fupi ya kisima. Wakanywa. Wakafika kwa binti. Mama mkwe wa binti akatoka mlangoni, akamtazama Punda mgongoni, akamtazama ubavuni.

“Bi Punda, karibu. Umetuletea nini?”

Punda akasema, “Nimemleta Nguchiro, yu mzima.”

Na funzo lake ni hili, lishikeni: ukisafiri na mwenzako, fungasha kwanza kitakachomfikisha yeye salama. Zawadi zije baadaye, zikipata nafasi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa binti Punda. Anayeitaka aichukue. Mimi koo limenikauka, nipeni maji.