Bibi Taki na Kasha la Milima ya Dhahabu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na wa nyuma asikie.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, mbali huko Ujapani, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Kijijini aliishi ajuza mmoja, Bibi Taki, fundi wa makasha. Msituni ilimea miti yenye utomvu. Bibi Taki aliigema, tone, tone, tone. Utomvu ule ulimbabua mikono, naye hakuacha. Aliupaka juu ya mbao, akangoja ukauke, akapaka tena, hata kasha likawa jeusi tititi, liking'aa kama maji ya kisimani.

Siku moja wakaja watu wa mtawala wa nchi ile na mashoka, wakasema:

"Bwana anajenga jumba. Msitu wote ukatwe."

Kwa! Kwa! Kwa! Miti ikaanguka. Wanakijiji wakalia, maana utomvu ndio uliowalisha. Vijana wakashika mapanga.

"Yawekeni chini, wanangu," akasema Bibi Taki. "Mtakufa, na msitu utakatwa vilevile. Niacheni nifanye kazi yangu."

Akatoa kasha lililomchukua miaka mitatu kulipaka. Akachora kwa utomvu mbichi, kisha akanyunyiza unga wa dhahabu kwa kipande cha mwanzi chenye tundu, fu, fu, fu. Akitazama nje, akichora. Na huko nje, kwa! kwa! Naye akaendelea.

Kazi ilipokwisha, akatembea siku nne mpaka kwa mtawala.

Mtawala akalipokea kasha. Akaona milima, ukungu, mto, na miti jani kwa jani, yote dhahabu juu ya weusi. Akabana pumzi, akichelea asije akayapeperusha majani yale.

"Bibi, nchi hii iko wapi?"

"Ni yako, bwana wangu."

Mtawala akaligeuza kasha. Upande wa pili ulikuwa mweusi mtupu.

"Mbona huku hukuchora?"

"Nilichora nilichokiona. Huko mashoka yalikuwa yameshapita."

Mtawala akautazama weusi ule, akauona uso wake mwenyewe ndani yake. Kisha akatuma mjumbe, mbio, mashoka yawekwe chini. Jumba lake likajengwa dogo, na msitu uliosalia ukasalia.

Wenzangu, mwenye nguvu huharibu asichokitazama. Mfumbueni macho kwanza.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mwenye sikio amechukua chake.