Sauti ya Marehemu Ukumbini

Wapendwa, hebu fumbeni macho kidogo. Uoneni ukumbi wa harusi, saa tisa mchana. Watu mia mbili wamesimama na muziki unapigwa, lakini hakuna hata mguu mmoja unaocheza.

Ilikuwaje? Kulikuwa na DJ mmoja, hodari wa kazi yake. Asubuhi mama wa bibi harusi alimletea wimbo wa zamani wa ngoma na marimba, aliouimba mumewe kabla hajafariki. "Mwanangu," akamwambia, "nitaingia na zawadi kwa wimbo huu. Leo baba yake hana njia nyingine ya kumsindikiza binti yake."

Wakati wa zawadi ulipofika, singeli, ule muziki wa mbio, ilikuwa imepamba moto, na DJ hakutaka ukumbi upoe. Akauunganisha wimbo wa marehemu juu yake, akabonyeza kitufe cha kompyuta kinacholinganisha mwendo wa nyimbo mbili. Lakini ile ilikuwa ngoma ya mikono ya watu, hapa inavuta, hapa inakaza. Kompyuta ikaikosea hesabu, kisha ikaikimbiza ifuate singeli.

Sauti ikatoka kwenye spika. Ilikuwa yake kabisa, kila neno linasikika, ila pumzi kati ya maneno zimetoweka. Ndugu waliokuwa wakiingia na vitenge wakaganda mlangoni.

"Wewe DJ, umemfanya nini kaka yangu?" shangazi akafoka.

"Shangazi, mbona huku inasoma sawa?"

Akabadilisha waya. Akauanzisha wimbo upya. Akauanzisha tena. Na kila mara marehemu alianza upya, mbio, kama mtu anayefukuzwa kwenye nyumba isiyo na mlango. Namba kwenye kioo zililingana.

Mama akamsogelea. "Mume wangu hajawahi kuimba hivi," akasema polepole. "Nani anamkimbiza?"

Ndipo DJ akainua macho, kwa mara ya kwanza. Akauona mguu wa mama ukigonga sakafu taratibu, peke yake, kwa mwendo mwingine kabisa. Akavua hedifoni, akaizima singeli, akakizima na kile kitufe. Akauanzisha wimbo wa marehemu upya, safari hii peke yake. Kwenye spika marehemu akavuta pumzi, akaimba, na mkewe akarudi mlangoni, akaingia na zawadi.

Mnadhani nawasema madijei? Nasema juu yetu sisi. Mtoto anasoma taratibu, nasi tunamkaripia afuate wenzake. Mjane ana miezi miwili tu, nasi tunamwambia, "Basi, umelia vya kutosha." Anatii, anacheka tunapocheka, nasi tunasema amepona. Je, kuna mtu wa namna hiyo nyumbani kwako, anayejibu kila swali na wewe hujui moyo wake uko wapi?

Ninawaomba kwa upole mkumbuke jambo moja tu: leo mkirudi nyumbani, aliye wa mwendo wa polepole mwacheni amalize kusema.