Faili la Bi Mashavu

Bi Mashavu alinyang'anywa kizimba chake sokoni bila kuambiwa sababu, akaenda halmashauri kuomba kuona faili lake. Bwana Kihampa, mtunza kumbukumbu, akalikumbatia kifuani.

"Hii ni siri ya mwenyewe. Thibitisha kwamba ndiwe. Una watoto wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mwongo! Hapa ni wawili. Kazi yako?"

"Rubani."

"Muuza vitumbua! Na hali yako?"

"Mzima wa afya."

"Umekosa tena, bibi! Ulifariki mwaka juzi. Taarifa ililetwa na shemeji yako Mkude, naye ndiye aliyepewa kizimba. Hujui lolote, sikuonyeshi!"

"Usinionyeshe, mwanangu," akasema Bi Mashavu, akikunja karatasi aliyokuwa akiandika. "Ningejibu sawasawa, ungenisomea nini? Nigongee tu muhuri hapa, kwamba marehemu alifika."