Arobaini ya Mtoto wa Nne

Mtu mmoja alikuwa na fahali mwenye pembe ndefu. Mwenye fahali aliitwa Lubasha, na hakuwa mtu mbaya: kijiji kizima kilileta ng'ombe wao kupandwa na fahali huyo, naye hakumdai mtu kitu. Kila asubuhi fahali alishuka kunywa lamboni kwa njia ileile waliyopita watoto kwenda kuteka maji.

Msimu wa kulima ulipoanza, fahali alimchoma mtoto mmoja kwa pembe, akafa. Wazee saba wa baraza, ambao peke yao waliweza kuamuru pembe zikatwe, walifika msibani kabla ya wote. Walilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini mtu alipouliza habari za fahali walimnyamazisha kwa upole, maana desturi ya pale ilikataza kujadili shauri la kifo kabla ya arobaini. Siku ya thelathini na tatu fahali akaua mtoto wa pili, na siku zikaanza kuhesabiwa upya. Wa tatu, vivyo hivyo.

Si kwamba wazee hawakufanya lolote. Walitoa sanda. Waliagiza watoto wafundishwe kupanda miti haraka, nao wakafundishwa, hata wale wa miaka minne ambao mikono yao haikufikia tawi la kwanza. Wengine walisema pembe hazina kosa, kosa ni la wazazi wanaotuma watoto maji.

Wa nne alikuwa binti wa mjane aitwaye Nkwimba. Wazee walipofika na sanda walimkuta amekaa mlangoni peke yake. Hapakuwa na mkeka uliotandikwa wala moto wa matanga.

"Shikamooni, baba zangu," alisema. "Mwanangu nimeshamzika kwa kanga yangu. Kwangu hakuna matanga wala arobaini, kwa hiyo hamna cha kungojea. Kaeni hapo mjadili."

Walikaa, kwa kuwa hawakupata sababu ya kuondoka. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe jike zizini. Na Lubasha alikuwa amewaambia tangu msiba wa kwanza, mmoja mmoja, kwamba siku fahali wake atakapokatwa pembe, ng'ombe wa mtu yeyote hataingia tena bomani kwake kupandwa. Hakuna aliyewahi kumsimulia mwenzake maneno hayo. Sasa walipotazamana, kila mmoja akayasoma usoni mwa mwenziwe, wakainamisha vichwa.

Jua lilipanda. Mwishowe mkubwa wao akafungua kinywa, akasema kwa sauti ndogo, "Labda tungengoja kwanza ng'ombe washike mimba."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, sanda aliyoishika ikamdondoka mavumbini. Nkwimba aliinuka, akaiokota, akaikung'uta. Kisha akaikunja vizuri na kumrudishia mzee.

"Kaa nayo, baba," alisema. "Lambo halijakauka, na njia ni ileile."

Ndugu zangu, heshima hii tunayosema tunawapa wafu wetu, inamlinda nani?