Ndoo ya Nyumba ya Mwisho

Hapo zamani, si ile ya mababu bali zamani hii ambayo bado inatuuma, Jumatatu moja ya kiangazi, saa tatu na robo asubuhi, kampuni ya maji ya mji wa Mkongoleni ilizima programu yake kuukuu, ikawasha mpya.

Ile kuukuu iliandikwa na Bi Saumu alipokuwa msichana, kwa lugha ya kompyuta ambayo vyuoni haifundishwi tena. Ndiyo iliyoamuru pampu ya kisima ivute lini na ipumzike lini. Ilikuwa imewachosha wote. Kompyuta yake haikuwa na vipuri, ilizimika ovyo, na kila ikizimika Bi Saumu aliitwa, hata baada ya kustaafu. Ile mpya iliandikwa na Hidaya, aliyetoka chuo kikuu juzijuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Aliyeiagiza ni meneja, Bwana Lwitiko.

Kampuni ile ina desturi yake. Anayewakosesha watu maji, yakirudi huibeba ndoo ya kwanza mwenyewe, kichwani, mpaka nyumba ya mwisho mlimani. Na akishaibeba, hagusi tena mitambo.

Alhamisi, pampu ilivuta tope, ikakwama. Mabomba ya mlimani yakakauka. Mchana huohuo, katika nyumba ya mwisho, Mzee Chambuso akafariki. Maji ya kumwosha hayakuwapo. Binti yake, Mwanahawa, alishuka mtoni na majirani, wakapanda na madumu, wakamwosha marehemu kwa maji yenye matope.

Jioni mafundi walipokuwa wakisafisha pampu, wale watatu walikutana ofisini. Ndoo ilikuwa mezani.

"Programu yangu ilisimamisha pampu kila adhuhuri," alisema Bi Saumu. "Kiangazi kisima hupungua, lazima kipewe nafasi kijae. Wewe, binti, umeufuta mstari wa amri hiyo."

"Mstari haukuwa na maelezo, Bi Saumu. Nilikutumia ujumbe kukuuliza kazi yake. Simu ilionyesha umeusoma. Hukujibu. Nikadhani ni kosa la zamani."

"Kompyuta ya wakati ule ilikuwa na nafasi finyu, maelezo ningeyaweka wapi? Niliwaambia wahudumu wa pampu kwa mdomo, nao wameshaondoka. Na ujumbe wako niliusoma, ndiyo. Mlinitoa hapa bila hata kikombe cha chai cha kuniaga. Nikasema, walionitoa wametoa na ninachokijua."

"Basi ndoo imempata mwenyewe," alisema meneja.

"Itakufaa wewe, mwanangu," alijibu Bi Saumu. "Kichwa hicho hakina nywele za kuitelezesha."

Hakuna aliyecheka. Ndoo haikuguswa.

Hidaya akamgeukia meneja. "Nilikuomba programu zote mbili ziende pamoja mpaka mvua zianze. Ulikataa."

"Ile kompyuta ilikuwa inakata roho, Hidaya. Ningengoja, ingekufa na kuukausha mji mzima. Nilichagua mji. Na wewe ulisema uko tayari."

"Uliniuliza mbele ya bodi."

"Na ulijibu mbele ya bodi."

Ndoo haikuguswa.

Wakazungushana maneno yaleyale mpaka wakachoka hata kulaumiana. "Tutaona kesho," alisema meneja, akachukua koti lake. Bi Saumu akachukua mkoba wake. Ndoo ikabaki mezani.

Asubuhi iliyofuata, kabla wenzake hawajafika, Hidaya aliurudisha mstari wa adhuhuri ndani ya programu mpya. Pembeni yake aliandika kwa Kiswahili cha kawaida: Hapa kisima kinajaa. Usifute. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, akayahifadhi. Kisha akaijaza ndoo, akajitwisha, akapanda mlima.

Mwanahawa alikuwa amekaa mlangoni, amejifunika kanga. Aliitazama ndoo, akamtazama na aliyeibeba.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Hidaya aliitua ndoo. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Nanyi mnaonisikiliza, mmewasikia wote watatu, na Mwanahawa bado anangoja jibu. Je, ndoo ile ilistahili kichwa cha nani?